Neno la Mlangoni

Mwanangu Zuwena,

Barua ya watu wenye adabu huanza kwa kusema sisi huku ni wazima, na tunakuombea nawe huko uliko uwe mzima. Nimeanza hivyo nikajikuta nacheka peke yangu, kwa sababu huko uliko ni kwa shangazi yako, hapo nyuma ya mnazi, na sauti yako naisikia ukiaga. Basi tuseme wazima sote, alhamdulillahi, na kuanzia kesho meli ikishang'oa nanga ndipo salamu zitakapokuwa na kazi ya kufanya.

Mama yako amekuchukua alasiri hii muwazungukie jamaa. Mimi nimebaki, nimesema natengeneza banda la kuku. Ukirudi ukaliona banda lenyewe, na misumari ilivyokaa, utajua kwamba akili yangu haikuwa bandani. Utakuta pia nimejifunga kitambaa kidole gumba. Usiniulize, mimi na nyundo tumekosana kidogo.

Mambo ya kila siku sikuandikii. Hayo mama yako keshayamaliza, tangu mwezi uliopita anayasema, mpaka jogoo wetu nadhani anajua kwamba asilale na nywele mbichi na asile kwa mtu asiyemjua kwao. Nikiongeza langu moja hapo nitakuwa natia maji baharini. Mimi nina jambo jingine kabisa. Limenikaa kooni tangu siku ile ya baiskeli.

Unaikumbuka. Mnyororo ulikukatikia Gombani, jua la saa saba, ukaikokota baiskeli mpaka nyumbani. Kukokota si neno. Neno ni kwamba ulipita mlangoni kwa ami yako Bakari, ambaye ni fundi baiskeli, naye ameketi barazani hana kazi, spana mkononi, anajikunia mgongo. Ukamwamkia vizuri. Akakuuliza mbona unaikokota, nawe ukamjibu kwamba unanyoosha miguu tu.

Jioni ami yako alikuja hapa uso umemvimba, akaniuliza kama kuna ugomvi baina yetu ambao yeye hakuambiwa. Mama yako alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilizunguka nyuma ya nyumba nikasimama pale penye mchaichai, kwa sababu lile jibu lako nalijua, ni jibu langu mimi. Watu husema umenirithi pua. Pua ungekuwa nayo peke yake ningelala usingizi.

Wewe, mwanangu, hujui kuomba msaada. Na huko kutojua kwako kumetoka kwangu, kwa hiyo ni haki yako nikuhadithie mimi kulinifikisha wapi. Umesikia vipande kwa mama yako, lakini mama yako husimulia kwa kunionea huruma. Leo nakupa mkasa wenyewe.

Nilipokuwa kijana nilipata kazi ya utarishi katika ofisi moja ya Chake Chake. Kazi yangu ilikuwa kubeba mafaili kutoka chumba kimoja kwenda kingine, na mchana kwenda kununua mihogo ya kukaanga. Lakini ofisini nilivaa viatu vya kufunga kamba, na mtu akishavaa viatu vya kamba huanza kufikiri mambo. Nikajiandikisha darasa la Kiingereza la jioni. Mwalimu wetu aliitwa Shaame, mtu mwembamba, mkali, aliyekuwa akifundisha huku amesimama mlangoni ili asiyelipa ada asipite.

Siku moja Mwalimu Shaame aliandika ubaoni neno moja, solicit. Akasema hili ni neno la kuomba msaada, lakini si la kila mtu na si la kila siku. Huendi nalo kwa jirani kuomba chumvi. Ni neno lililovaa koti. Hutumika mtu anapomwandikia mkubwa, au kampuni inapotaka watu waichangie, au chama kinapotaka maoni. Akatuambia maana yake ni kuomba rasmi, kwa heshima, kitu kinachojulikana, kwa mtu anayejulikana. Akayarudia hayo ya mwisho, mimi nikawa tayari nishaacha kusikiliza. Nilikuwa nimekwishalipenda.

Utanicheka, lakini jaribu kulisema. Solisiti. Halina magoti yaliyopigwa chini. Ukisema naomba, unajiona umeinama. Ukisema nisaidieni, unajiona umelia. Nikasema moyoni, kumbe Wazungu wametengeneza njia ya kuomba na shingo ikabaki imenyooka. Nikawa natembea nalo mdomoni siku nzima, nalinong'ona nikipanda ngazi na mafaili.

Nawe unajua sisi hapa tunavyoombana. Wewe umekulia ndani yake huoni, lakini ukifika Unguja utawaona wenzako wanavyosema mambo papo kwa papo, utashangaa. Hapa kwetu mwenye haja huja na mikono mitupu na uso wa kutembea tu. Hupiga hodi. Hukaribishwa, huketi, huulizwa hali yake, ya wake, ya watoto, ya mbuzi. Huletewa kahawa. Kisha mwenyeji humuuliza, "Una neno?" Naye, hata kama nyumba yake inaungua, ni lazima ajibu kwamba hana neno, amekuja kutizamana tu. Huulizwa tena baadaye, hukana tena. Mpaka anaaga, anafika mlangoni, ameshavaa kiatu kimoja, ndipo anapojigonga paji la uso na kusema, "Ahaa, nilitaka kusahau." Hapo ndipo haja hutolewa. Na mwenyeji, ambaye alijua tangu hodi, hushangaa kama aliyesikia jambo jipya.

Sisemi ni vibaya. Kuna haya nzuri ndani yake, mtu hamkabi mwenziwe. Lakini ule mtindo unataka mtu mwenye moyo wa kufika mlangoni na kusema. Mimi sikuwa nao. Mimi nilikuwa navaa viatu vyote viwili, natoka, nafika kwangu, na haja yangu bado imo mfukoni.

Basi harusi yangu na mama yako ilipokaribia, nyumba hii haikuwa na paa. Kuta nilisimamisha mwenyewe, makuti nilikuwa nayo yamepangwa uani, lakini kuezeka si kazi ya mtu mmoja, na kaka yangu Makame alikuwa kisiwani Fundo na vijana wake wenye nguvu. Mtu mwingine angemtumia salamu, kaka njoo uniezekee. Mimi nikaona haya. Mkubwa wangu, nimwite aje kunifanyia kazi? Nikakumbuka neno langu. Nikambembeleza mpiga chapa wa ofisini akaniachia mashine yake wakati wa chakula, nikamwandikia kaka yangu, mvuvi ambaye hata Kiswahili husomewa, barua ya Kiingereza. Nikaanza na solicit mstari wa kwanza, nikamalizia na solicit mstari wa mwisho, na katikati nikatia shukrani. Naapa, kuhusu paa sidhani kama niliandika.

Karatasi ilifika Fundo imepigwa chapa, ya Kiingereza, imetoka ofisini. Huko wakati ule karatasi ya namna hiyo ilikuwa na maana mbili tu. Mwalimu wa skuli, ambaye angeweza kuisoma, alikuwa amevuka kwenda Wete. Wazee wakaitazama kwa zamu, wakaipindua, wakatikisa vichwa. Kaka Makame akasema mdogo wake ama kafungwa ama kafa, na kwa kuwa alikuwa kijana asiyemkosea mtu, basi kafa.

Mimi nimeketi hapa uani natazama makuti, nasikia kilio kinatokea njiani. Wanawake mbele, wanaume nyuma, kaka yangu kati amejifunga kikoi kichwani, na nyuma yake vijana wawili wamebeba jamvi na gunia la mchele wa matanga. Nikasimama kwa adabu niulize nani kafa. Shemeji yangu, mkewe Makame, akaniona, akaanguka.

Walipokwisha kumwagia maji, kaka Makame alinitazama kwa muda. Nilimwambia kwamba sikufa. Akasema hilo analiona. Akaniuliza ile karatasi ilisema nini, nami nikatazama makuti, nikatazama kuta, nikamwambia ilikuwa salamu tu. Yeye naye akayatazama makuti, akazitazama kuta, akavuta pumzi ya mtu aliyelea mtoto mgumu, akawageukia wale watu waliokuja kunizika akawaambia wavue kanzu. Kabla ya magharibi nyumba ilikuwa na paa. Mchele wa matanga yangu tukaula siku ya harusi yangu.

Ungedhani nilijifunza. Hasha. Nilijifunza kinyume. Nikasema neno lile lina nguvu za ajabu, hata lisiposomwa hufanya kazi, na kwamba mtu mstaarabu hana haja ya kusema shida yake, watu wataiona wenyewe. Nikaishi na imani hiyo miaka, mpaka asubuhi uliyotaka kuzaliwa.

Ilikuwa wakati wa karafuu, mashamba yamejaa watu, majamvi yote yametandazwa. Uchungu ulimshika mama yako baada ya alfajiri. Bi Kombo mkunga alikuja akamwangalia, akatoka nje akaniambia mtoto amekaa vibaya, yeye haliwezi hili, apelekwe hospitali Chake na apelekwe sasa hivi. Gari kijijini kwetu ilikuwa moja, pikapu ya Bwana Hamadi, anayoibebea karafuu zake. Nikaenda mbio. Nilikimbia kweli, kofia ilinidondoka njiani nikaiacha.

Nilipofika ukutani kwa Bwana Hamadi nikasimama nikavuta pumzi, nikajifuta uso. Ona ujinga. Nikajipangusa nisionekane mwenye shida. Kisha nikapiga hodi taratibu.

Bwana Hamadi alikuwa uani anaanika karafuu. Akanikaribisha, nikaketi. Akaniuliza hali, nikasema njema. Ya nyumbani, nikasema hawajambo. Mke wangu, nikasema mzima wa afya. Mwanangu, mama yako wakati huo alikuwa ameuma ukingo wa kitanda, na alama za meno zipo mpaka leo. Ikaja kahawa. Akaniuliza kama nina neno. Nikajibu, Mungu anisamehe, kwamba nimekuja kutizamana tu.

Tukazungumza. Mvua, bei ya karafuu, yule mbuzi wake aliyekula kanzu ya Idi. Mimi moyoni nasema akiuliza tena nitasema. Akauliza tena, nikasema sina neno. Nikajipa moyo kwamba mlangoni nitasema. Nikasimama kuaga, nikavaa kiatu kimoja, nikafungua mdomo, na yeye akanitangulia. Akasema kwa kuwa sina haraka, je, ningemshikia jeki, maana gurudumu la pikapu limelala na anataka kupeleka karafuu Chake.

Nikamshikia jeki.

Nimeliandika hilo peke yake ulione vizuri. Baba yako, siku ya kuzaliwa kwako, alikwenda kuomba gari, akaishia chini ya gari. Nilifungua nati, nikaziweka kwenye kofia yake kwa kuwa yangu niliidondosha, nikamsifia gurudumu la akiba. Na ndani yangu kulikuwa na mtu mwingine anapiga kelele, namsikia, nami namwambia subiri, si adabu.

Wa kwanza kumwona mama yako alikuwa yule mbuzi. Alikuwa anakuja kwa miguu, Bi Kombo amemshika huku na ukuta amejishikia kule, kanga imemlegea, jasho linamtiririka. Hakupiga hodi. Hakuamkia. Alisimama katikati ya karafuu za watu, akasema, "Bwana Hamadi, nnakuomba gari yako. Mtoto anakufa tumboni."

Hayo tu. Mimi nikatoka uvunguni na grisi usoni, nikaona haya ya dunia nzima, nikataka na mimi nionekane nimefanya kitu. Ndipo neno langu likatoka. Nililisema lote, kwa Kiingereza, wima, kama nilivyofundishwa, kwamba nasolisiti msaada wake. Bwana Hamadi alinitazama, akamtazama mama yako, akauliza, "Kasema nini huyu?"

Mama yako akamjibu, "Mwache. Huyo anasoma."

Gurudumu la akiba tulilifunga mbio mbio, akatupeleka. Karafuu alizokwisha kupakia alizimwaga chini zilivyo ili mama yako alale nyuma, na ile gari aliiendesha hivi kwamba kuku wa njiani wanamkumbuka. Daktari alisema tungechelewa kidogo tu asingekuwa na la kufanya. Ulizaliwa adhuhuri, mdogo, umekunja uso, na mimi nje ukutani nalia bila ya neno lolote, la Kiingereza wala la Kiswahili. Nilikuwa nakaribia kukuua, Zuwena, kwa adabu.

Nilidhani hapo mambo yamekwisha kwa heri. Lakini Bwana Hamadi aliacha kuzungumza nami. Salamu aliitikia, ya Mungu haikatazwi, ila barazani nikikaa yeye huondoka. Nilimpelekea samaki, akarudisha sahani na ndimu, asibaki na deni kwangu. Nilidhani ana hasira za karafuu zilizomwagika. Mwisho nilimkabili tukitoka msikitini, nikamuuliza nimemkosea nini. Ulikuwa umeshaanza kuota meno.

Akasema, "Uliniona miye mtu wa namna gani, yakhe? Nikuulize una neno, unambie huna, na mkeo anakufa? Ulidhani nitakunyima?"

Nikasema hapana, sikutaka kumsumbua.

Akasema, "Weye ulinishikia jeki ukapata thawabu zako. Zangu ukaninyima. Nilitaka kuambiwa."

Nilirudi nyumbani na maneno hayo na mpaka leo ninayo. Miaka yote nilidhani kutoomba ni heshima, namwekea mwenzangu mzigo mwepesi. Kumbe kilikuwa ni kiburi kilichoazima kanzu ya heshima. Nilitaka niwe mtu anayetoa tu, wa kushukuriwa tu. Na kila nilipomwambia mtu sina neno, nilikuwa namwambia kwa upole kwamba simwamini. Ami yako Bakari siku ile ya baiskeli hakuvimba kwa sababu ya mnyororo.

Nilikwenda pia kwa Mwalimu Shaame, nikamlalamikia kwamba neno lake lilinitupa siku ya shida. Alinisikiliza mpaka mwisho, alicheka kidogo, kisha akakasirika kama kawaida yake. Akasema neno lile halikuwa na kosa, mwenye kosa ni mwanafunzi aliyekwenda nyumbani kabla somo halijakwisha. Akachukua chaki. "Ukilisema, ueleze unaomba nini na unamuomba nani. Ukinyamaza hapo, umebisha hodi ukakimbia." Kisha akasema yule mke wangu, ambaye hakuhudhuria darasa hata siku moja, ndiye aliyelitumia sawasawa: kamtaja anayeombwa, kataja kitu, kataja sababu, kanyamaza. Akaniambia nikamsalimie.

Sasa unakwenda chuo. Unakwenda kujifunza uuguzi, kazi ambayo yote ni watu wenye shida wanaosema hawajambo. Utawajua haraka, wewe umelelewa na mmoja. Lakini kabla hujawa muuguzi utakuwa mgeni mjini. Watakucheka msemo wako wa Kipemba, na wewe ukichekwa hunyamaza, nakujua, utanyamaza mpaka watasahau kama upo. Kutatokea somo usilolielewa. Kutatokea homa usiku, na wenzako wamelala, nawe utajiambia usiwasumbue. Kutatokea siku fedha zimekwisha na utatuandikia kwamba huko mambo mazuri sana, na mimi nikiona neno sana nitajua hukula.

Waamshe, mwanangu. Sikwambii uache haya, mtu wa Pemba asiye na haya tutamtambua kwa nini? Kahawa kunywa, hali ulizana, ya mbuzi ulizia pia wakiwa nao. Ila ukiulizwa kama una neno, na unalo, usimkane mtu anayekufungulia mlango. Ukiona ulimi mzito, mkumbuke mama yako katikati ya karafuu. Yeye wakati ule hakuwa na wakati wa kuona haya, na wewe upo kwa sababu hiyo.

Bwana Hamadi alipofariki nilimsalia maiti yake nikiwa safu ya mbele, unajua. Tulishapatana, na miaka yake ya mwisho alikuwa akipita hapa kila asubuhi kuniuliza kama nina neno, kwa maskhara tu, na mimi nilikuwa namtafutia. Nikikosa namuomba chumvi. Mama yako alikuwa analalamika nyumba imejaa chumvi.

Basi nimeandika mpaka mkono umechoka, na huko kwa shangazi yako nasikia mnaagana kwa mara ya mwisho, maana yake kahawa ya pili inaletwa. Nikusomee dua, nikutakie safari njema, nifunge barua. Mungu akulinde wewe na wenzako wote chuoni, akupe elimu yenye manufaa. Soma. Andika. Mama yako atalia kesho bandarini Mkoani, usimwambie asilie.

Nimefika mlangoni, Zuwena. Kiatu kimoja nimevaa. Sasa hivi ni pale pangu pa kujigonga paji la uso na kukwambia kwamba nilitaka kusahau. Wallahi nimeishika kalamu hapa mpaka kuku wameanza kurudi bandani, lile banda langu, na wenyewe wanasita kuingia. Sikusahau. Barua yote hii nilikuwa nazunguka uani kwa Bwana Hamadi.

Mimi baba yako nakuomba wewe, mwanangu, mambo mawili. Macho yangu yananiacha. La kulia halioni kitu tangu Ramadhani iliyopita, na la kushoto limeingia ukungu. Nadhani ni mtoto wa jicho. Ndiyo sababu ya misumari ile, na kidole hiki, na ndiyo sababu juzi nilimwamkia pipa la maji nikamuuliza habari za nyumbani kwake. Mlicheka, nikajifanya nilikusudia. Herufi za barua hii ni kubwa kwa sababu hiyo hiyo, si kwamba nakudhani mtoto. Mama yako sijamwambia. Sijamwambia mtu. Ukifika Unguja niulizie daktari wa macho, uniandikie siku ya kuja, na nitakuja. Naogopa sana, na ningependa uwepo.

La pili ni la kesho. Pale gatini Mkoani kuna ngazi, na watu wanasukumana, na mimi sizioni. Watu watadhani baba anamshika binti yake kwa uchungu wa kuagana, na hilo pia ni kweli. Nishike mkono.

Kesho asubuhi ukinikuta nimekaa barazani na kanzu yangu, uso wa kutembea tu, usiniulize kama nina neno. Ninalo, na ushalisoma.

Baba yako.